Thailand na Kambodia: Madai Sita Yasiyosimama

Mapigano yaliporudi kwenye mpaka wa Thailand na Kambodia mwezi Desemba 2025, hoja moja ilienea upesi. Wasomaji mmeisikia: diplomasia ya majirani imekufa. Jumuiya ya Mataifa ya Kusini-Mashariki mwa Asia, ASEAN, ni chombo cha vikao tu. Mahakama ya kimataifa haina meno. Vita husimamishwa na taifa kubwa lenye fimbo. Na kwa vyovyote watu wa pande hizi mbili wanachukiana tangu enzi za mababu, basi waachwe.

Ukiichambua, hoja hiyo ina madai sita. Nitalichukua kila moja, nilieleze kama wanavyolieleza watetezi wake hodari, kisha nililinganishe na yaliyotokea. Ninyi wasomaji ndio mahakimu, na kesi hii ina wahanga. Tarehe 24 Julai 2025 roketi ilipiga kituo cha mafuta chenye duka wilayani Kantharalak, mkoa wa Sisaket nchini Thailand, ikaua raia, watoto wakiwemo. Upande wa Kambodia, wakulima walipakia mchele, sufuria na watoto kwenye matela ya matrekta, wakaenda kulala chini ya maturubai katika viwanja vya mahekalu. Katika siku tano walikufa watu zaidi ya 40 na wengine wapatao 300,000 wakayahama makazi yao. Anayesema hakuna kinachoweza kuzuia maafa kama haya anawatolea watu hao hukumu. Ni haki yetu kumdai ushahidi.

Dai la kwanza: ASEAN imeshindwa, kwa kuwa wanachama wake wawili wamepigana. Hili ndilo dai lao zito kuliko yote, na sitalipunguza. Mkataba wa Urafiki na Ushirikiano uliotiwa saini Bali mwaka 1976 unawakataza waliousaini kutumia nguvu kutatua migogoro yao. Thailand ni mwanzilishi wa jumuiya. Kambodia ilijiunga mwaka 1999. Pamoja na hayo, mwaka 2025 ndege za kivita za Thailand zilidondosha mabomu na roketi za Kambodia zikaangukia vijiji. Mkataba ulivunjwa. Hapo hatubishani.

Tunabishana juu ya hitimisho. Kabla ya jumuiya hii kuundwa Bangkok tarehe 8 Agosti 1967, Indonesia na Malaysia zilikuwa zimetoka katika makabiliano ya silaha yaliyodumu kuanzia 1963 hadi 1966. Ufilipino ilikuwa ikidai Sabah, na dai hilo halijafutwa rasmi hadi leo. Nchi tano zilizoketi Bangkok siku ile zilikuwa na kila sababu ya kupigana, na tangu siku hiyo hakuna hata mbili kati yake zilizoingia vitani dhidi ya nyingine. Migogoro haikuisha, ilihamishwa kutoka kwenye mitutu ya bunduki. Anayetaka kuipima jumuiya hii kwa haki ahesabu pia vita ambavyo havikutokea, hata kama ni vigumu kuvihesabu.

Kisha atazame kalenda ya 2025. Tarehe 28 Mei askari mmoja wa Kambodia aliuawa katika majibizano ya risasi kwenye eneo linalogombaniwa, karibu na mahali mipaka ya Thailand, Kambodia na Laos inapokutana. Vita vilianza tarehe 24 Julai. Kati ya siku hizo mbili kuna siku 57. Katika siku zote hizo hapakuwa na mwangalizi hata mmoja wa jumuiya kwenye mstari wa mbele. Tume ya pamoja ya mipaka ilikutana Phnom Penh katikati ya Juni, lakini maeneo manne yaliyokuwa yakiwaka moto hayakujadiliwa. Majeshi yaliongezwa, vivuko vikafungwa, mabomu yakalipuka chini ya miguu ya askari wa doria. Kilichoshindwa katika siku 57 ni ukimya, kungoja mwenyeji aalike, na heshima iliyopita kiasi. Kuitwisha diplomasia lawama ya siku ambazo haikuruhusiwa kufika mpakani ni kumshtaki asiyekuwepo.

Watajibu: baada ya Agosti waangalizi walikuwepo, na Desemba vita vikarudi. Ni kweli, na inafaa tutazame walikuwa waangalizi wa namna gani. Walikuwa timu za wanajeshi waambata wa balozi za nchi wanachama, kila timu ikibaki upande wa nchi iliyoipokea. Tarehe 10 Novemba bomu la ardhini liliwajeruhi askari wa Thailand. Bangkok ilisema bomu limetegwa upya. Phnom Penh ilisema ni mabaki ya vita vya zamani. Siku hiyohiyo Thailand ikasimamisha utekelezaji wa tamko la amani ambalo nchi hizo mbili zilitia saini Kuala Lumpur tarehe 26 Oktoba, wiki mbili tu baada ya wino kukauka. Katika makubaliano yao hapakuwa na kifungu kilichowalazimisha kusubiri uchunguzi kabla ya kujiondoa. Hilo ni pengo la kuzibwa. Haliwi sababu ya kubomoa nyumba.

Dai la pili: kilichosimamisha vita ni ushuru wa Marekani. Wanaoshikilia dai hili wana ushahidi wa kweli. Tarehe 26 Julai Rais Trump aliwapigia simu viongozi wa nchi zote mbili akawaambia hatafanya nao mapatano ya biashara wakiendelea kupigana. Wote wawili walikuwa wakikabiliwa na ushuru wa asilimia 36. Siku mbili baadaye walikubali kusitisha mapigano, na ushuru ukashushwa hadi asilimia 19. Mfuatano huo unavutia, na mimi sisemi simu ile haikuwa na uzito.

Lakini ushahidi wenye nguvu ni ule unaojirudia. Desemba jaribio lilirudiwa karibu vilevile: mpaka uleule, majeshi yaleyale, rais yuleyule. Tarehe 12 Desemba Trump alizungumza na viongozi wote wawili akatangaza kwamba wamekubali kuacha kufyatua risasi jioni ileile. Risasi hazikukoma. Ziliendelea kwa wiki mbili zaidi, na waliohama makwao wakapindukia nusu milioni. Kama simu ya Washington peke yake ndiyo dawa, ilipoteza nguvu wapi kati ya Julai na Desemba?

Jibu liko katika kilichokuwepo Julai na kikakosekana tarehe 12 Desemba. Julai, Waziri Mkuu wa Malaysia, Anwar Ibrahim, akiwa mwenyekiti wa ASEAN, alikuwa amezungumza na pande zote mbili tangu siku ya kwanza ya vita. Alikuwa na ukumbi Putrajaya, ajenda, saa ya kuanza usitishaji, na ratiba ya makamanda kukutana siku inayofuata. Desemba mapigano yalikoma tarehe 27, baada ya mawaziri wa mambo ya nje wa jumuiya kukutana Kuala Lumpur na kamati ya mpaka ya majeshi mawili kujadiliana kwa siku kadhaa, hadi mawaziri wa ulinzi wakaweka saini kwenye kivuko cha mpakani. Shinikizo la nje linaweza kumfikisha mtu mlangoni. Kinachomketisha na kumwekea masharti ni utaratibu, na utaratibu huo ulikuwa wa majirani.

Dai la tatu: mahakama haina meno. Linaelezwa hivi: Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamua suala la hekalu la Preah Vihear mwaka 1962, ikarudi tena mwaka 2013, na bado watu wanauana. Basi hukumu ni karatasi.

Tuisome hiyo karatasi. Tarehe 15 Juni 1962 majaji 9 dhidi ya 3 waliamua kwamba hekalu liko katika ardhi ya Kambodia. Msingi mkuu ulikuwa ramani iliyochorwa na maofisa wa Kifaransa mwaka 1907, ambayo Siam, kama Thailand ilivyoitwa wakati huo, iliipokea na kukaa nayo miongo mingi bila kuipinga. Thailand iliumia. Bendera yake haikushushwa pale hekaluni: askari waliing'oa nguzo nzima, bendera ikiendelea kupepea, wakaihamishia upande wao wa genge. Lakini waliondoka. Mnamo Januari 1963 Norodom Sihanouk alipanda mwamba ule kutoka upande wa Kambodia kwa sherehe ya kupokea hekalu, na akiwa juu alitangaza kwamba Wathai wataruhusiwa kulitembelea bila viza. Jeshi lenye nguvu zaidi liliondoka mahali lilipopaamini kuwa pake kwa sababu ya hukumu, na mshindi akanyoosha mkono. Kama huko ni kukosa meno, sijui meno yangefanya nini zaidi.

Na mwaka 2011 je? Mapigano yalizuka Februari na Aprili. Tarehe 18 Julai mahakama iliamuru eneo maalumu lizungukie hekalu, askari wa pande zote watoke. Julai 2012 pande zote mbili ziliwatoa wanajeshi humo, nafasi zao zikachukuliwa na polisi na walinzi. Novemba 2013 majaji wote kwa kauli moja walifafanua kwamba hukumu ya 1962 ilihusu rasi yote ambayo hekalu limejengwa. Kwa miaka zaidi ya kumi baada ya hapo hapakuwa na vita vya aina ile.

Kasoro ya kweli iko kwingine. Mahakama huamua inachopelekewa, na haikupelekewa mpaka wote wenye urefu wa takriban kilomita 800. Mwaka 2025 Kambodia ilitaka kupeleka maeneo manne The Hague. Thailand, ambayo haiyatambui mamlaka ya lazima ya mahakama hiyo, ilikataa. Mtu hawezi kufunga mlango wa mahakama kisha akalalamika kwamba ndani hamtoki hukumu. Majirani zake waliufungua. Indonesia iliheshimu hukumu ya Desemba 2002 iliyoipa Malaysia visiwa vya Sipadan na Ligitan. Malaysia na Singapore zilikwenda pamoja kuhusu Pedra Branca na kupata uamuzi Mei 2008. Malaysia iliomba marejeo mwaka 2017, ikayaondoa mwaka uliofuata, na hakuna risasi iliyofyatuliwa. Wapo wanaokataa hukumu, na msomaji wa pwani yetu anakumbuka Nairobi ilivyoikataa ile ya Oktoba 2021 juu ya mpaka wa bahari na Somalia. Hata hivyo kukataa hukumu ni tofauti sana na kutokuwa na hukumu yoyote ya kurejea.

Dai la nne: mambo ya mpaka wayamalize wenyewe, wawili kwa wawili. Huu umekuwa msimamo rasmi wa Bangkok kwa miaka mingi, na una hekima fulani. Wenye mpaka ndio watakaoishi nao. Mwaka 2000 nchi hizi zilitia saini makubaliano ya kupima na kuweka alama za mpaka kwa tume ya pamoja, na tume hiyo imefanya kazi halisi ya kutafuta nguzo za zamani porini, moja baada ya nyingine.

Tatizo ni kwamba tume haiwezi kuvuka pale pande mbili zinaposoma ramani tofauti. Kambodia inategemea ramani ya kipimo cha 1 kwa 200,000 iliyoachwa na Wafaransa. Thailand inatumia ramani yake ya 1 kwa 50,000. Katika milima ya Dangrek tofauti hiyo inatosha kumeza hekalu zima. Tangu 2000 imepita robo ya karne, na mwamba ngoma huvutia kwake. Mazungumzo ya wawili yanafaa kwa nguzo ambazo hakuna anayezibishia. Pale wanapobishana, hakuna wa kuamua.

Zaidi ya hapo, historia ya dai hili inajipinga. Mara nyingi mapigano makubwa yalipokoma, alikuwepo mtu wa tatu. Februari 2011 Baraza la Usalama lilitaka usitishaji wa kudumu na kuunga mkono juhudi za ASEAN. Siku chache baadaye mawaziri wa jumuiya walikutana Jakarta chini ya uenyekiti wa Marty Natalegawa wa Indonesia. Julai 2025 ilikuwa Putrajaya. Oktoba ilikuwa Kuala Lumpur. Serikali inayosema haihitaji mpatanishi imekwenda kwa mpatanishi mara kwa mara ilipotaka risasi zikome. Matendo yake ndiyo ushahidi bora kuliko matamko yake.

Dai la tano: waangalizi wa kigeni ni kinyume cha desturi ya Asia. Tunaambiwa kwamba kutoingiliana ndiyo nguzo ya jumuiya, kwamba mataifa yaliyopata uhuru kwa tabu hayawezi kukubali wageni wakague ardhi yao. Hisia hiyo ni ya heshima. Mataifa haya yalitawaliwa, yakachorewa mipaka na wengine, na yana haki ya kuwa na tahadhari.

Lakini desturi hiyo wanayoitaja haifanani na rekodi. Mwaka 2005, baada ya makubaliano ya Helsinki kati ya serikali ya Indonesia na waasi wa Aceh, ujumbe wa waangalizi kutoka Umoja wa Ulaya na nchi tano za ASEAN uliingia Aceh. Walisimama wakishuhudia silaha 840 zikikabidhiwa na kukatwa vipande, na majeshi ya ziada yakiondoka kwa awamu. Hiyo ilikuwa ardhi ya Indonesia, taifa kubwa kuliko yote katika jumuiya na lenye wivu mkubwa juu ya mamlaka yake. Mindanao, kusini mwa Ufilipino, Malaysia iliongoza timu ya kimataifa ya waangalizi kuanzia 2004. Na nchi tano zilizokwenda Aceh zilikuwa zipi? Brunei, Malaysia, Ufilipino, Singapore, na Thailand. Maofisa wa Thailand walikwenda kukagua usitishaji wa mapigano ndani ya ardhi ya jirani, wakaifanya kazi hiyo kwa sifa. Mwaka 2011 Indonesia ilipojitolea kupeleka waangalizi Preah Vihear, mpango ulikubaliwa Jakarta, kisha jeshi la Thailand likaupinga na waangalizi hawakupelekwa. Kilichokuwa halali Aceh hakiwezi kugeuka kuwa kinyume cha desturi kikifika Dangrek.

Dai la sita: ni chuki za kale. Wanataja falme za Angkor na Ayutthaya, karne za uvamizi, na ghasia za Januari 2003, pale ubalozi wa Thailand ulipochomwa moto Phnom Penh. Ghasia hizo zilikuwa za kweli. Cheche yake ilikuwa maneno ambayo mwigizaji mmoja wa Thailand alidaiwa kusema kuhusu Angkor, naye akakana kuyasema. Uvumi, magazeti na wanasiasa waliotaka umaarufu vilitosha.

Chuki ya karne nyingi ingetarajiwa kuwaka wakati wote. Mapigano haya yana tarehe, na tarehe zake zinafuata siasa za ndani. Mwaka 2008 Preah Vihear iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Waandamanaji wa Bangkok waliokuwa wakitaka kuiangusha serikali walilikamata suala hilo, na waziri wa mambo ya nje, Noppadon Pattama, akalazimika kujiuzulu. Mapigano yakaanza mwaka huohuo. Uchaguzi wa Julai 2011 ulileta serikali iliyoelewana na Phnom Penh, na mpaka ukatulia. Juni 2025 Hun Sen, waziri mkuu wa zamani wa Kambodia, alitoa hadharani rekodi ya mazungumzo yake ya simu na Waziri Mkuu wa Thailand, Paetongtarn Shinawatra. Waziri mkuu huyo akasimamishwa, kisha akaondolewa na mahakama ya katiba mwezi Agosti. Desemba, mapigano yakiwa yamepamba moto, bunge la Thailand likavunjwa. Chuki za kale hazisomi kalenda ya uchaguzi. Wanasiasa huisoma.

Na tuwatazame watu wenyewe. Katika soko la Rong Kluea, mjini Aranyaprathet, wachuuzi kutoka Poipet walikuwa wakivuka kila asubuhi na mikokoteni yao kuuza nguo na viatu kwa wateja Wathai. Laki kadhaa za Wakambodia walikuwa wakijenga nyumba, wakivua samaki na kuchuma matunda Thailand, hadi vita vilipowarudisha makwao kwa wimbi. Watu wanaochukiana hawajengi maisha yao kwa kutegemeana kila siku. Walitenganishwa na amri zilizotoka mbali na mpaka.

Sasa yawekeni madai sita pamoja, kwa maana yanaletwa na watu walewale. La kwanza linailaumu ASEAN kwa kukosa nguvu. La tano linakataza isipewe nguvu. La pili linasema mgeni kutoka ng'ambo ya bahari ndiye aliyeokoa. La nne linasema mgeni hahitajiki. La tatu linadharau mahakama. La sita linasema ugomvi ni wa damu, wakati mwaka 1962 ugomvi wa hekalu uliamuliwa na majaji. Dai moja likiwa kweli, jingine huanguka. Kwa pamoja hayawezi kusimama.

Kinachobaki baada ya kuyaondoa ni kazi inayojulikana. Waangalizi wawe wa kudumu, na wawe na haki ya kuvuka pande zote mbili bila kuomba ruhusa ya kila safari. Bomu likilipuka, uchunguzi wa pamoja ufanyike ndani ya siku zilizotajwa, taarifa yake ichapishwe, na upande wowote usijiondoe kabla ya kuisoma. Mwenyekiti wa ASEAN awe na wajibu, na si hiari, wa kuitisha kikao risasi ya kwanza inapoua, ili siku 57 zisirudi tena. Na vipande ambavyo tume ya pamoja imeshindwa kuviamua kwa robo ya karne vipelekwe kwa msuluhishi ambaye nchi zote mbili zitamkubali, awe mahakama au mwingine. Mengi kati ya haya Asia imeyafanya tayari, Aceh, Mindanao, Sipadan au Pedra Branca. Serikali ikikataa lolote kati ya haya, iulizwe kwa jina lake na mbele ya watu wake sababu ya kulikataa, na isiruhusiwe tena kujibu kwamba diplomasia haifanyi kazi.